Amplifaya Nyepesi

Nianze na hili: watu wengi hawana masikio. Wana vitu viwili vya kuning'inizia miwani, basi.

Nimekaa miaka ishirini na sita kwenye kibanda changu, kati ya fundi cherehani na mchonga funguo, nafungua maredio na amplifaya za watu, na nimewajua. Huyu analeta redio iliyojaa mende, anataka ilie kama ya ukumbini. Yule ananunua kitu kwa sababu kina taa. Mwingine anakuja na mkewe, anagonga kifuniko kwa kidole na kusema, "Huu ni mzigo wa maana," na ndani hamna kitu ila hewa na waya tatu. Nikiwaambia ukweli wananuna. Nikiwadanganya wananilipa na kunishukuru juu yake. Basi nimejifunza kuwadharau kimyakimya, na kazi inakwenda.

Lakini hakuna mtu niliyemdharau kama shemeji yangu, mume wa dada.

Si mtu mbaya, na ndiyo maana ilikuwa rahisi. Alikuwa dereva wa bosi mmoja kwa miaka ishirini na miwili, mtu wa kuamka alfajiri na kufuta vioo vya gari ambalo si lake. Mpaka leo anakaa wima kwenye kochi utadhani kashika usukani. Akicheka, mzaha ni wake mwenyewe, na alishausema wiki iliyopita. Na mimi alikuwa ananitangaza kila mahali, sokoni, msibani, kwenye foleni ya maji: "Shemeji yangu huyo, hakuna redio asiyoijua." Hajawahi kuniita jina lingine tangu amwoe dada, mwaka wa ishirini na nane huu. Shemeji hivi, shemeji vile. Nilikuwa nikimsikia kwa mbali nageuza njia.

Bosi wake alifariki. Watoto wa marehemu wakaja kugawana vitu, watu wazima na shahada zao. Muziki wa baba yao ulikuwa amplifaya moja ya fedha inayong'aa na spika mbili ndefu kama makabati. Amplifaya wakaibeba mara moja, maana inang'aa na inaingia kwenye buti ya gari. Spika wakajaribu kuziinua, zikawashinda, wakasema mpeni dereva, baba aliacha neno kwamba apewe kitu. Ndivyo wasomi wale walivyogawa urithi. Walichukua kifuniko wakaacha sufuria na nyama yake.

Dada akanipigia simu. "Mdogo wangu, njoo uone masanduku ya shemeji yako. Sebuleni sina pa kuweka mguu."

Nikaenda kwa ajili ya kucheka. Nilipofika mlangoni, kicheko kiliisha chenyewe.

Nilizijua. Kwa miaka ishirini nilikuwa nikizitazama kwenye magazeti ya zamani ya ufundi ninayonunua kwa kilo, picha zimepauka, na chini bei yake, ambayo ni bei ya kiwanja na msingi wa nyumba juu yake. Mbao nyeusi iliyopindwa bila kiungo hata kimoja. Juu kabisa, badala ya twita ya kawaida ya kutolea sauti nyembamba, kulikuwa na utepe wa madini, mwembamba kuliko karatasi ya sigara, uliosimama wima kati ya sumaku mbili. Kiwanda chenyewe kilishafungwa. Mate yalinijaa mdomoni, sioni haya kusema.

Na shemeji yangu alikuwa amezifanyia nini? Alikuwa amezipaka mafuta ya kung'arishia meza. Juu ya moja ametandika kitambaa cha kufuma na kuweka maua ya plastiki. Juu ya nyingine, picha yao ya harusi, dada amekunja uso kwa ajili ya jua. Kumpigia mbuzi gitaa ni jambo moja. Mbuzi huyu alikuwa amepewa gitaa lenyewe. Maskini akipata matako hulia mbwata, nikasema moyoni, na sikujisikia vibaya hata kidogo.

"Umeziona, shemeji?" akasema, amesimama katikati yake kama mtu anayepigwa picha.

"Nimeziona."

"Sasa nisikilize. Kila jioni bosi alikuwa anakaa nazo saa nzima kabla ya chakula. Mimi nipo chini, kwenye gari, dirisha lake liko juu yangu. Nilikuwa nashusha kioo. Kuna wimbo mmoja, mwanamke anaimba peke yake na piano. Piano inanyamaza, halafu kabla hajaanza, anavuta pumzi. Ile pumzi, shemeji, nilikuwa naisikia mpaka chini. Kama mtu yuko kiti cha nyuma." Akamwangalia dada, akatabasamu. "Nataka huyu naye aisikie."

"Pumzi," dada akasema. "Mimi za kwako nazisikia usiku kucha, zinanitosha."

Akacheka. Mimi nilikuwa natazama utepe. Dereva na pumzi, nikawaza. Miaka ishirini na miwili anakula mavumbi ya lango la mtu, sasa anataka kutufundisha muziki.

Dada hakuwa na mchezo. Binti yao alikuwa anakuja mwisho wa mwezi na mtoto mchanga, wakae naye mpaka apate nguvu, na sebule ile ndiyo ilikuwa ya kuwekwa kitanda. Akasema mbele yangu, bila hasira, kama anavyosema mambo yote aliyokwisha kuyaamua: "Zikiimba, tutabanana, zitakaa. Zisipoimba, zinauzwa kabla mtoto hajaja. Sitalea mjukuu kati ya makabati mawili yasiyofunguka."

"Zitaimba," shemeji akasema. "Shemeji atanichagulia amplifaya." Akanitajia kiasi alichobakiza kwenye kiinua mgongo chake. Kilikuwa kidogo. Kwa spika zile kilikuwa kama kutaka kulisha ng'ombe kwa kijiko.

Hapo inabidi nieleze kitu, na nitaeleza mara moja tu. Spika za namna ile ni walafi. Ukiziunganisha na amplifaya ya kawaida, zinavuta umeme mpaka inaishiwa. Wati zilizoandikwa kwenye boksi hazina maana, boksi halijawahi kukataa kuandikwa. Kinachotakiwa ni transfoma kubwa ndani, shaba na chuma, na hivyo vina uzito. Fundi wa kweli anaiinua amplifaya kwanza kabla hajaisikiliza. Mkono ndio mzani wangu.

Na chini ya meza yangu, kibandani, nimeifunika gunia, nilikuwa nayo dawa yake. Ilikuwa amplifaya iliyotolewa kwenye jumba la sinema lililofungwa, kilo arobaini, rangi ya sufuria kuukuu, imebonyea pembe moja. Feni yake ilikuwa inavuma, nikaipunguza. Nilikuwa nimeitengeneza yote nikakaa nayo miaka mitatu, kwa sababu wateja wangu, Mungu awasaidie, walikuwa wananiuliza mbona haina taa. Ningeweza kumpa kwa nusu ya hela aliyokuwa nayo, na spika zile zingeimba mpaka majirani wahame.

Sikuitaja.

Sikusema uongo wakati ule. Nilinyamaza tu, na kunyamaza hakutoi jasho. Wazo lilikuwa limeingia bila kubisha hodi: zisipoimba, zinauzwa. Zikiuzwa, nani hapa mtaani anajua thamani yake zaidi ya mimi? Watamuuliza nani bei? Nitakuja na uso wa huruma, nitasema, basi dada, acha niwaondolee huu mzigo. Zitakwenda kwa mtu anayezistahili. Niliona hata mahali pa kuziweka. Si wizi, nikajiambia, ni kurekebisha kosa la watoto wa marehemu.

Jumatano tukaenda dukani. Shemeji alikuwa amevaa shati la kazini, lile jeupe la dereva, limepigwa pasi mikono yote.

Muuzaji alikuwa kijana wa viatu vilivyochongoka na suruali iliyombana mpaka nikamwonea huruma. Alikuwa anaita kila mtu mzee, na kila kitu moto. Akatuonyesha amplifaya yenye kioo mbele na taa za buluu zinazopanda na kushuka. "Hii ni moto, mzee. Wati elfu mbili." Waya wake wa umeme ulikuwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Ningemuuliza hizo wati elfu mbili zinapita wapi, zinaombewa, au vipi? Siku nyingine ningemuuliza, na ningemtoa jasho mbele ya wateja wake. Siku hiyo nilikunja mikono nikatingisha kichwa taratibu, kama mtu anayepima jambo.

Shemeji akaiinua. Aliinua kwa mkono mmoja, akaishusha, akaiinua tena.

"Mbona nyepesi?"

"Teknolojia mpya, mzee. Za zamani ndizo zilikuwa zinavunja watu migongo."

Shemeji akanigeukia mimi. "Mimi najua magari tu, shemeji, usinicheke. Lakini gari la kupandisha mlima na mzigo, huliangalii spidi iliyoandikwa kwenye dashibodi. Hata bajaji unaweza kuiandikia mia mbili. Unaangalia injini, na injini ina uzito wake. Zile spika si ndio mlima?"

Miaka ishirini na sita, na hakuna mteja hata mmoja, wenye digrii, wenye magari mawili, wachungaji na wakurugenzi, aliyewahi kuniuliza swali sahihi namna ile. Kaliuliza dereva, kwa lugha yake ya gereji, ameshika boksi la taa za buluu. Na nitasema kitu nilichokihisi, maana nimeamua kusema yote. Sikumheshimu. Nilimchukia. Alikuwa hana haki ya kujua.

"Shemeji," nikasema, "hii siyo lori."

Muuzaji akacheka, akapiga makofi mara moja. Shemeji naye akacheka, akachelewa kidogo, kama anavyocheka akichekwa. "Kweli bwana. Wewe ndiye unayejua." Akatoa hela kwenye bahasha.

Wakati inafungwa nikasoma boksi. Liliandikwa pembeni kwamba ina kinga: mzigo ukiizidi, inajizima yenyewe. Hapo ndipo mpango wangu wote ulipokuwa umekaa. Itazidiwa, itajizima. Wataiwasha, itajizima. Dada atachoka, mimi nitanunua, na hakuna kitakachoumia. Ni boksi lile lile nililolicheka kwa wati elfu mbili. Mstari mmoja tu niliuamini, ule ulionifaa. Na mimi ninayefungua kila kitu, hata pasi ya mama yangu nilishaifungua ikiwa haijaharibika, sikuifungua amplifaya ile.

Jumamosi saa kumi jioni nikaunganisha. Dada alikaa kwenye kochi na kitenge mapajani. Jirani wa nyumba ya pili, mama mmoja anayehudhuria kila jambo la watu, alikuwa ameshapata kiti chake. Shemeji alikuwa ameondoa maua na picha ya harusi juu ya spika, kitambaa amekikunja akakiweka kwenye droo. Deki yao ya zamani ikawekwa juu ya stuli. Diski alikuwa nayo: ilibaki kwenye gari la bosi, na watoto wa marehemu hawakuitaka.

Nikamwonyesha kitufe cha sauti. "Nusu. Usipitishe hapa." Nikaweka hata alama kwa kalamu. Nilikuwa natimiza wajibu, mnaona, ili baadaye nisilaumiwe.

Piano ikaanza. Ilikuwa mbali, nyembamba, kama inapigwa nyumba ya jirani na mlango umefungwa. Ilikuwa ni kama nilivyotarajia. Taa za buluu zikapanda na kushuka kwa furaha zao.

"Makubwa yote hayo, ndio hivyo tu?" jirani akauliza.

"Redio yangu ya jikoni inaimba kushinda hii," dada akasema.

Shemeji akaniangalia. Mimi nilikuwa naangalia dari. "Ngojeni," akasema, "ngojeni pumzi." Akainamisha kichwa. Piano ikanyamaza. Mwanamke akaanza kuimba.

"Haikusikika," akasema. "Inakuja, ni sauti ndogo. Nairudisha." Akarudisha wimbo mwanzo, akakiweka kidole kwenye kitufe, akaipita alama yangu.

Hapo sauti ikakua kweli. Na mimi nikasikia. Kila piano ilipopigwa kwa nguvu, taa za buluu zilizimia kidogo, na juu ya muziki kulikuwa na mkwaruzo, kama mtu anayechana kitambaa chumba cha pili. Amplifaya dhaifu ikilazimishwa haipunguzi sauti. Inaikata vichwa, halafu vile vilivyokatwa inavimimina kwenye twita kama maji ya moto. Watu wanaogopa amplifaya kubwa itapasua spika, ndivyo wasivyojua. Ni ndogo inayoua. Nimewaeleza wateja hivyo mara elfu, nikiwadharau kwa kutojua.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye swichi. Ningeinuka tu. Nikasema, kinga itakata sasa hivi. Nikahesabu kumi. Haikukata. Nikasema, ikikata yenyewe itakuwa vizuri zaidi, dada ataona kwa macho yake. Nikahesabu tena.

"Bado haijasikika," shemeji akasema, jasho limemtoka juu ya mdomo. Akarudisha mwanzo mara ya tatu na kuongeza.

Tik. Kushoto. Kama dakika moja ikapita. Tik. Kulia. Ikaja harufu ndogo, ya kitu chembamba kilichoungua. Wimbo uliendelea. Jirani alikuwa bado anatingisha kichwa kufuata piano, na dada alikuwa anakunja kitenge. Kwao hakuna kilichotokea. Mwanamke aliimba, lakini kama amefunikwa blanketi mdomoni.

Shemeji akazima.

"Imeondoka," akasema.

"Nini imeondoka?" dada akauliza.

"Ya juu. Sauti ya juu imeondoka, huku na huku." Akanigeukia. "Si ndiyo, shemeji?"

Nilisema watu hawana masikio. Chumbani mle tulikuwa wawili wenye nayo, na mmoja alikuwa dereva.

Nikatoa tochi, nikafungua wavu wa mbele. Utepe wa kushoto ulikuwa umekatika katikati, umejikunja kama nywele iliyopitiwa na moto. Wa kulia hivyo hivyo. Nikajua hata kabla hajauliza kwamba atauliza.

"Spea inapatikana?"

"Haipatikani. Kiwanda kilishafungwa."

Alikaa. Hakukaa wima. Akampa dada maelezo kwa sauti ya mtu anayeripoti ajali kituoni: "Ni mimi. Shemeji aliniwekea alama, nikaipita. Nilitaka uisikie ile, nikapagawa."

Dada akaniangalia kwa muda mrefu. Ananijua, ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo na kunivuta masikio nilipoiba. "Alama uliiweka wewe?"

"Ndiyo."

"Na amplifaya uliichagua wewe?"

"Mama, mwache," shemeji akasema. "Dereva akigonga, halaumiwi aliyemuuzia gari."

Jirani akakumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni. Mimi nikabeba amplifaya ile kwapani, ilivyokuwa nyepesi, nikaondoka nayo nikisema nitaiangalia. Hakuna aliyenisindikiza.

Kibandani niliifungua. Skrubu nne tu. Transfoma ilikuwa ndogo kama sabuni ya kipande. Mahali pa kinga palikuwepo: palichorwa kwenye bodi kwa rangi nyeupe, mchoro mzuri kabisa, na vitobo vya kuingizia vifaa. Vifaa vyenyewe havikuwekwa. Nilikaa nikiangalia vile vitobo mpaka fundi cherehani akaja kuniuliza kama naumwa. Dharau yote niliyokuwa nayo, niliyokuwa nawagawia watu miaka yote ile bila kuishiwa, ilikuwa imebaki na mtu mmoja wa kumpa.

Na spika zenyewe? Sikuzitaka tena. Hata kama angenipa bure, ningeziweka wapi nisizione?

Jumatatu shemeji akaja. Alikuwa amevaa shati lile lile jeupe. Hakuwa na kinyongo, ndicho kilichoniuma zaidi. Alitaka kujua kama dukani watakubali kurudishiwa ile ya taa za buluu, maana binti anakuja Ijumaa na kitanda hakijanunuliwa. Nikamwambia nitampeleka mwenyewe na nitamshika yule kijana wa viatu vilivyochongoka mpaka atoe hela. Nilimaanisha.

"Na spika?" nikauliza.

"Dada yako kasema zikae. Kasema hataki kuniona nikiziuza." Akavuta stuli akae. Guu la stuli likagonga kitu kizito chini ya meza, kikatoa mlio wa chuma.

Akainama. Akaondoa gunia.

Akapitisha kiganja juu ya kifuniko kama anavyopapasa boneti ya gari. Kisha akashika mpini wa pembeni, akavuta pumzi, akainua. Ilipanda kidole kimoja kutoka chini, ikarudi kwa kishindo, na vikombe vya chai mezani vikatikisika.

"Nzito," akasema.

"Ilikuwa ya sinema."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Hii ingepanda ule mlima?"

Ningeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari, nilikuwa na mitatu. Lakini nilikuwa nimechoka na sauti yangu. "Ingepanda."

"Bei gani?"

"Nusu ya ile uliyonunua."

Akatingisha kichwa taratibu. "Na siku ile tulipokwenda dukani, ilikuwa hapa."

"Ilikuwa hapa."

Nilingoja aniulize kwa nini. Nilitaka aniulize. Nilitaka anitukane, anipige hata kofi, mtaa mzima usikie, mchonga funguo aache kazi aje kuamua. Angenitukana ningejua tumeanza kuelekea mahali. Yeye alichukua gunia, akaifunika tena, akavuta pembe zake moja moja zikae sawa, kama alivyokuwa akilifunika gari la bosi kila jioni kwa miaka ishirini na miwili.

"Ichukue," nikasema. "Bure. Nitakuletea mpaka nyumbani mimi mwenyewe, leo hii. Nitaifunga."

"Ije ibebe nini?"

Akasimama, akairudisha stuli mahali alipoikuta. Akachukua boksi la ile nyepesi, akaliweka begani, hakutaka tena nimsindikize dukani. Mlangoni akageuka, maana ni mtu wa adabu, hajawahi kuondoka mahali bila kuaga.

"Asante, fundi," akasema.

Mtaa mzima unaniita hivyo, na wala sigeuki. Yeye alikuwa na jina lake la kuniita.